Vipimajoto vya ngozi nilivyotumia Mombasa: bunduki imenivunja moyo, kisahani cha shaba kimenikosha

Shangazi yangu anakaanga viazi karai na bajia Majengo tangu mimi nikivaa sare ya shule ya msingi. Mkono wake wa kulia una historia yote: kovu kubwa la siku karai lilipopinduka, na chini yake vitone vidogo vidogo ambavyo mwenyewe hahesabu tena. Ramadhani iliyopita, saa kumi na moja na nusu jioni, watu wamejipanga mpaka barabarani, mafuta yakamrukia tena. Akaomba dawa ya meno. Nikamshika mkono ule mzima nikamkokota hadi bombani, tukakaa dakika 20 maji yakitiririka juu ya kidonda, yeye akinitukana kwamba bajia zinaungua na mimi namchezesha maji.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa mjini. Wiki ile ile mwanafunzi wetu wa uzamili, kijana wa Likoni, alikuwa ananiandama na orodha ya vifaa. Alitaka kupima joto linavyopenya kwenye aproni na glavu za wapishi wa barabarani: kitambaa gani kinakupa sekunde ngapi kabla ngozi haijaharibika. "Bi Fundi," ananiambia, "nahitaji tu kipimajoto kizuri." Nikacheka. Ametumia neno moja kwa vitu sita tofauti, na kila kimoja kina bei yake na uongo wake. Basi nimevinunua vingine, nimeazima vingine, kimoja tumekitengeneza wenyewe. Miezi mitano nimekaa navyo. Haya ndiyo maoni yangu, kwa yeyote anayetaka kupima joto la ngozi au joto linaloifikia ngozi, asije akatupa pesa baharini kama mimi.

Nianze na bunduki, kwa kuwa ndiyo kila mtu anayokimbilia.

Bunduki ya joto, ile unayomlenga mtu bila kumgusa, mnaikumbuka tangu 2020, askari wa mlangoni anakulenga kwenye kifundo cha mkono kabla hujaingia dukani. Nimeinunua katika duka moja la vifaa vya umeme mjini, shilingi 3,500. Muuzaji akaapa: "Dada, hii inapima kitu chochote, mpaka injini." Nimefika maabara nikajilenga mkono: nyuzi 36.3. Nikashtuka. Ngozi ya mkono wangu asubuhi, nimekaa chini ya feni, itakuwaje 36.3? Ngozi ya mkono huwa nyuzi 32, 33, 34. Nikageuza kitufe cha nyuma, nikagundua ipo kwenye hali ya "mwili". Maana yake haikuonyeshi ilichokiona. Inachukua joto la ngozi, inafanya hesabu zake, inakupa kile inachodhani ndicho joto la ndani ya mwili. Kwa askari wa mlangoni sawa. Kwa utafiti wa majeraha ya moto, umeshadanganywa kabla hujaanza. Ukiinunua, kitu cha kwanza geuza iwe kwenye hali ya "uso wa kitu", ikakataa kugeuka irudishe dukani.

Nikaichukua mpaka kwa shangazi. Sufuria ya alumini, imesuguliwa kwa jivu mpaka unajiona, maji yanachemka yanarukaruka. Nikalenga ubavuni mwa sufuria: nyuzi 51. Shangazi akaniangalia, akaiangalia bunduki, akasema, "Ikiwa ni 51, tia mkono basi." Nikabandika kipande cha tepu nyeusi ya stima palepale ubavuni, nikalenga tepu: 96. Chombo hicho hicho, sekunde hiyo hiyo. Sababu ni kwamba bunduki inasoma miali ya joto isiyoonekana, na chuma kinachong'aa hakitoi miali hiyo kwa wingi. Kinachofanya ni kurudisha ya vitu vilivyokizunguka, kama kioo. Wewe unadhani unapima sufuria kumbe unapima ukuta wa jirani.

Kwa ngozi yenyewe, lakini, tuiseme kwa haki. James Hardy, Mmarekani, alishaonyesha tangu 1934 kwamba ngozi ya binadamu, iwe nyeusi iwe nyeupe, inatoa miali hiyo karibu kikamilifu, kiasi cha asilimia 98. Kwa hiyo upande wa rangi ya ngozi hakuna tatizo. Tatizo ni jasho, na hapa Mombasa jasho ndiyo nguo yetu ya pili. Ngozi ikilowa, unapima maji. Tatizo jingine ni umbali. Yangu imeandikwa 12 kwa 1, yaani ukiwa sentimita 12 inasoma duara la sentimita moja; ukirudi nyuma mita moja duara linazidi sentimita 8, na kovu la shangazi halina upana huo. Ile nukta nyekundu ya leza isikuhadae, hiyo ni ya kulengea tu, haipimi chochote. Mafuta ndani ya karai inayasoma vizuri, nisiionee. Nyota 2 kati ya 5, na moja ni ya mafuta.

Cha pili ni themokapo. Hiki ni kitu cha zamani, mwanafizikia Seebeck alikigundua 1821: unganisha nyaya mbili za metali tofauti, ncha moja ipate moto na nyingine ibaki baridi, utapata umeme mdogo sana. Aina K, ambayo ndiyo imejaa madukani, hutoa kiasi cha mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Mita yake yenye matundu mawili niliipata kwa 4,800, na nyaya nyembamba nikaagiza kando, roli la mita 10.

Hapa nina kisa. Nyaya zilifika, moja ya njano moja nyekundu. Mimi nimekulia kwenye umeme. Nyekundu ni chanya, hilo halina mjadala. Nikafunga skrubu nikaushika mwisho wa waya kwa vidole ili uote joto. Mita ikaanza kushuka. 29, 28, 27. Nikashika kwa nguvu zaidi, ikashuka zaidi. Nikadhani mita ni mbovu, nikampigia muuzaji simu na maneno ambayo leo nayaonea haya. Kumbe kwa utaratibu wa Marekani, waya mwekundu wa themokapo ndio hasi. Siku zote. Utaratibu wa kimataifa kwa aina hiyo hiyo ni kijani na nyeupe, na nyeupe ndiyo hasi. Ukiona joto linapanda mita inashuka, usimtukane mtu, geuza nyaya.

Aibu ya pili ilitoka kwenye barafu. Themokapo ya kawaida ya aina K inaruhusiwa kukosea mpaka nyuzi 2.2, na kwenye ngozi hizo ni nyingi mno. Kwa hiyo kabla ya kuiamini unaiangalia kwenye barafu inayoyeyuka, ambayo ni sifuri, na kwenye maji yanayochemka. Kwa maji yanayochemka sisi watu wa Pwani tuna bahati: tuko usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye 100, si kama Nairobi kule juu ambako yanachemka kwenye 94 hivi. Barafu nikaichukua kwa wauza samaki, nikaiponda, nikatia waya. Ikasoma hasi 1.8. Nikarudia, hasi 1.6. Nikaanza kuandika marekebisho kwenye daftari, kijana wa Likoni akaonja barafu kwa kidole (usiniulize kwa nini mtu aonje barafu ya samaki) akasema, "Bi Fundi, hii ina chumvi." Wallahi. Barafu yenye chumvi huyeyuka chini ya sifuri, kifaa kilikuwa kinasema kweli na mimi ndiye niliyekosea. Tukagandisha maji ya chupa kwenye friji ya ofisi, ikasoma 0.4. Hiyo 0.4 ndiyo tunayoitoa kila siku.

Kwenye ngozi, themokapo ina adabu zake. Waya mnene unanyonya joto kutoka pale ulipogusa na kulipeleka hewani, kwa hiyo unasoma chini. Ukiubandika kwa plasta kubwa, plasta inakuwa blanketi, jasho linajaa chini yake, unasoma juu. Chukua waya mwembamba kabisa, uache sentimita kadhaa za mwanzo zilale juu ya ngozi kabla hujauinua, bandika kwa kipande kidogo cha plasta yenye vitundu. Na wepesi wake usiutafute kwenye mita ya bei rahisi: waya unahisi upesi, lakini kioo cha mita yangu kinabadilika mara mbili kwa sekunde, na kwenye majeraha ya moto nusu sekunde ni umri mzima. Tuliishia kununua bodi ndogo ya kukuza volti tukaiunga kwenye laptopu, tukapata vipimo 10 kwa sekunde. Nyota 4. Nilitaka kutoa 5, hewa ya chumvi ikaotesha ukungu wa kijani kwenye skrubu baada ya mwezi mmoja.

Ikiwa unachotaka ni ngozi tu, bila moto, achana na themokapo uchukue themista. Ni kipande kidogo kama mbegu ya ufuta, upinzani wake wa umeme unapungua kadiri joto linavyopanda. Tulizonazo ni za omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Zinasoma tofauti ya sehemu ya kumi ya nyuzi bila kubabaika. Ndiyo niliyotumia kwa shangazi, kwa ridhaa yake na kwa bei ya soda mbili. Muda mrefu analalamika kwamba mchana mkono wake "unawaka" palipo na kovu kubwa, na sisi tukimwambia ni mawazo. Saa nane mchana, jua kali, nikaweka themista moja juu ya kovu na nyingine kwenye ngozi nzima pembeni yake. Ngozi nzima 34.6, inang'aa kwa jasho. Kovu 35.9, kavu kama karatasi. Jeraha likizama sana linaua tezi za jasho, na ngozi isiyotoa jasho katika mji huu haina njia ya kujipoza. Mkono mmoja, mchana mmoja, najua si utafiti. Lakini shangazi aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeambiwa kwa miaka 15 kwamba anadeka.

Kamera ya joto ya kuchomeka kwenye simu nitaipitia haraka. Shilingi 38,000, pesa za mradi si zangu. Picha inapendeza, watu wote ofisini wakataka kupigwa. Kila baada ya muda inatoa mlio "tik", inajifunga jicho na kujisahihisha, usishtuke. Haipenyi kioo: ukisimama nyuma ya dirisha itakuonyesha joto la dirisha. Hospitalini kamera za aina hii, zile kubwa zaidi, hutumiwa kukisia kina cha jeraha, kwa sababu jeraha lililozama limekatiwa damu na huwa baridi kuliko la juujuu. Lakini jeraha bichi linalotoa maji hupoa pia kwa kukauka, kwa hiyo baridi peke yake inaweza kukupoteza. Ndiyo maana wataalamu wana mitambo ya leza inayotazama mwendo wa damu yenyewe. Yangu inakubali yenyewe kwenye karatasi yake kwamba inaweza kukosea nyuzi 3. Kwa kulinganisha hapa na pale kwenye picha moja, nzuri. Kwa namba, hapana.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kijana wa Likoni ilimchukua mwezi kulielewa, na mimi mwenyewe nilikuwa nalijua kwa mdomo tu. Joto la kitu na joto linalokuingia ni mambo mawili. Fungua tanuri la boflo, hewa ya ndani nyuzi 200, pitisha mkono haraka, utautoa mzima. Gusa treya iliyo kwenye hewa hiyo hiyo, utalia. Nyuzi ni zile zile. Kilichotofautiana ni kiasi cha joto kinachoingia mwilini kila sekunde. Na ngozi inahesabu vyote viwili, joto na muda. Moritz na Henriques, watafiti wa Harvard, walichapisha 1947 kazi yao juu ya ngozi ya nguruwe na watu waliojitolea: kwenye nyuzi 44 ngozi inahitaji saa 6 hivi kuharibika, na kuanzia hapo mpaka 51 hivi, kila nyuzi moja inayoongezeka, muda unapungua karibu nusu; ukifika 70 haimalizi sekunde. (Kijana aliuliza kama na sisi tutahitaji nguruwe. Nikamwambia aulize tena akiwa ameshatafuta maabara nyingine.) Kwa hiyo ukitaka kujua aproni inamkinga mpishi kiasi gani, namba ya nyuzi peke yake haitoshi. Unataka kujua ni wati ngapi zinapita kwenye kila mita mraba.

Kuna kibamba cha kupimia mtiririko wa joto, chembamba kama kadi ya simu, ndani yake kuna themokapo nyingi zimepangwa juu na chini. Tofauti ya joto kati ya pande mbili inatoa volti, na cheti chake kinakuambia mikrovolti ngapi ni wati moja. Tuliazima kwa mhadhiri mmoja, nikatia saini mara tatu. Kipya, pamoja na kusafirisha, nilitajiwa zaidi ya laki moja. Nikakifunga mkononi, feni imewashwa: wati 70 kwa mita mraba zinatoka mwilini mwangu. Nikazima feni, ikashuka mpaka 20 na kitu. Raha kukitazama! Unaona kabisa mwili unavyohangaika na mji huu: hewa ina nyuzi 31, ngozi 34, joto halina pa kwenda isipokuwa kwenye jasho. Lakini hapo ndipo penye ila, kwa sababu kibamba chenyewe kinaziba jasho pale kilipokaa. Halafu kimetengenezwa kwa makumi na mamia ya wati. Moto unaounguza unakwenda kwa maelfu. Tulikisogeza kwenye jiko la makaa, gundi ikaanza kulainika, nikakirudisha kwa mwenyewe mbio mbio kabla sijaanza kulipa laki ya watu. Ni mizani ya dhahabu, usiipimie magunia.

Vifaa vya maelfu hayo vipo. Kuna kile cha Robert Gardon cha 1953, karatasi nyembamba ya konstantani (mchanganyiko wa shaba na nikeli) imewambwa kwenye mwili wa shaba unaopozwa kwa maji. Bei yake sikuuliza mara mbili. Kipo pia cha kimaskini, na ndicho kilichonikosha: kisahani cha shaba nyekundu. Vipimo vyake vimo kwenye taratibu za kupima nguo za wazima moto: kipenyo milimita 40, unene milimita 1.6, uzito gramu 18 hivi, kimepakwa nyeusi, themokapo imezamishwa ndani, nyuma yake kimezuiwa joto lisitoroke. Shaba inapitisha joto upesi kiasi kwamba kisahani chote kinapanda kwa pamoja. Unajua uzito, unajua shaba inataka jouli 0.385 kwa gramu kupanda nyuzi moja, unatazama tu kinapanda kwa kasi gani. Hesabu yake hata mtoto wa kidato cha pili ataifanya: kikipanda nyuzi 1 kwa sekunde, kimepokea kilowati 5.5 kwa mita mraba.

Nikaenda Mji wa Kale kwa mzee mmoja sonara, duka lake upana wa mlango. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, pete au bangili?" Nikamwambia kisahani cha shaba, milimita 40, kiwe sawa pande zote, kitobolewe vitundu vya waya nyuma bila kupenya mbele. Akaniuliza nani anaolewa na shaba. Nilipomweleza, akavua miwani, akaivaa tena, akasema waya nisiulehemu. "Risasi itaongeza uzito na itaficha joto. Tutaupigilia." Sikuwa nimemwambia hilo, na hoja yake ina maana. Akatia ncha ya waya kwenye kitundu, akachukua kinyundo kidogo ambacho mpini wake umeingia shimo la kidole gumba, akagonga pembeni mwa tundu mara nne, tano, shaba ikaukumbatia waya. Nikauvuta, haukutoka. Kisha akakiweka kwenye mizani yake ya dhahabu, akafunga kile kidirisha cha kioo ili upepo wa feni usiisukume: gramu 17.93. Akaniandikia kwenye karatasi ile ile anayoandikia bangili, na muhuri. Shaba 600, ufundi 800. Nikiwa natoka akaniita, akanipa kipande cha kitambaa laini nikifutie.

Rangi nyeusi nilinunua duka la vipuri vya bodaboda, ile ya kupaka ekzosi, haing'ai na haiogopi moto. Kisahani kimekaa juu ya pini tatu ndani ya kipande cha ubao wa kuzuia joto nilichokitoa kwenye oveni iliyokufa.

Jaribio la kwanza lilikuwa juu ya paa, saa sita mchana, jua la utosini. Jua kali la anga safi ni kama kilowati moja kwa mita mraba, kwa hiyo kisahani kilitakiwa kipande kama nyuzi 1.8 kwa sekunde 10. Kikapanda 1.6, na kulikuwa na upepo. Mimi na kijana tukapeana mikono kama tumefunga goli. Jiko la makaa, umbali wa kiganja: nyuzi 12 kwa sekunde 10, yaani kilowati 6.6. Namba hiyo inalinganishwa na mstari wa Alice Stoll, mtafiti wa jeshi la wanamaji la Marekani, ambaye kuanzia miaka ya 1950 alipima mikono ya watu iliyopakwa wino mweusi; mstari anaotumia kila mtu aliutoa na Maria Chianta 1969. Kwa mstari huo, kilowati 50 zinakupa sekunde moja kabla ya lengelenge, na kilowati 10 zinakupa sekunde 10 hivi. Basi shangazi anasimama mbele ya jiko kutwa nzima si mbali sana na mstari, anachomwokoa ni kusogea sogea.

Halafu kanga. Shangazi ana desturi ya kulowesha kitambaa kabla ya kushika karai, ati maji yanapoza. Tukakunja kanga mara nne, tukaibana kati ya karai la moto na kisahani. Kavu: sekunde 9 kisahani kikapanda nyuzi 10. Ile ile, imeloweshwa ikakamuliwa: sekunde 4. Tumerudia mara tano, siku mbili. Kitambaa kikavu kinakukinga kwa hewa iliyomo ndani ya nyuzi zake, na maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa.

Ila zake: kisahani si ngozi, hakina damu ya kukipoza, na mstari wa Stoll ni wa moto usiobadilika kasi, si wa mafuta yanayoruka. Kila jaribio likiisha lazima kipoe mpaka kilipoanzia, na kwa hewa yetu hiyo ni dakika 10 za kukipepea. Stima ikikatika feni inazimika, unakaa unakiangalia. Bado nyota 5.

Nilipomwonyesha shangazi laptopu, mistari miwili, mmoja umelala mmoja umesimama, akaitazama kwa muda. "Huu uliosimama ndio kanga mbichi?" Ndio. Hakusema kitu. Kesho yake nikapita Majengo, kanga ya kushikia karai imening'inizwa kwenye msumari, kavu, na ndoo ya kuloweshea ametia viazi.

Anayetaka kisahani, mzee wa Mji wa Kale anapokea kazi ila Ijumaa baada ya swala hafungui. Nenda na shaba yako ya milimita 1.6, kwa sababu aliyokuwa nayo nimeimaliza mimi. Na usimwambie akilehemu.